Mwamba Ngoma Huvutia Kwake: Historia ya Conservatoire ya Paris na Kalamu ya Mtumishi wa Umma



Miaka kadhaa iliyopita niliteuliwa kuwa katibu wa jopo lililotakiwa kuchagua wanafunzi wawili wa kupewa ufadhili wa masomo ya juu. Taasisi sitaitaja, kwa sababu ninalotaka kulikiri linanihusu mimi zaidi kuliko linavyoihusu taasisi hiyo. Tuliwasikiliza waombaji saba. Mjumbe mmoja wa jopo alikuwa amesimamia tasnifu za wawili kati yao. Sote tulilijua hilo, na hakuna aliyefungua kinywa. Jioni ilipofika, wawili hao ndio waliopita. Binti mmoja ambaye, kwa alama nilizoziandika kwa mkono wangu, alijieleza vizuri kuliko wote, alipelekewa barua ya mistari minne iliyomwarifu kwamba ombi lake halikufanikiwa kwa mujibu wa taratibu zilizopo. Barua hiyo niliiandika mimi.

Nimeikumbuka barua ile nilipokuwa nikiandaa mihadhara ya muhula huu kuhusu taasisi za umma: zinavyozaliwa, zinavyokomaa na zinavyozeeka. Miongoni mwa mifano niliyoichagua ni chuo cha muziki cha Paris, kijulikanacho kwa jina la Conservatoire. Mwanafunzi mmoja aliniuliza, kwa adabu lakini bila kuficha mshangao, muziki wa Wafaransa unamhusu nini mtu anayesomea utawala. Nilimpa jibu fupi darasani. Jibu refu ni hili.

Chuo kilichozaliwa na bendi

Kabla ya Mapinduzi ya Ufaransa ya mwaka 1789, mtoto wa mnyonge aliyetaka kuujua muziki alikuwa na njia moja kubwa, nayo ni kanisa. Makanisa makuu yaliendesha shule za waimbaji, na humo wavulana walifundishwa kuimba na kusoma nota. Wasichana hawakuwamo. Mapinduzi yalipoyanyang'anya makanisa mali zake, shule hizo zilifungwa, na nchi ikajikuta haina mahali pa kuwaandaa wanamuziki wake.

Aliyeliona pengo hilo alikuwa mtu wa jeshini. Bernard Sarrette aliwakusanya wanamuziki wapatao 45 mwaka 1789 akaunda bendi ya Walinzi wa Taifa. Bendi hiyo ilipiga katika sherehe za Mapinduzi zilizofanyika uwanjani, mbele ya maelfu ya watu ambao wengi wao hawakujua kusoma. Wimbo ndio uliokuwa gazeti lao. Mtanzania aliyekulia akisikiliza bendi za Polisi na JKT hatashangaa kusikia kwamba dola changa ilimwona mpiga tarumbeta kuwa mtumishi wa umma kama walivyo wengine. Mwaka 1792 mamlaka za jiji la Paris ziliiruhusu bendi iwe na shule isiyotoza ada. Novemba 1793 Bunge la Mapinduzi likaigeuza shule hiyo kuwa Taasisi ya Taifa ya Muziki. Tarehe 3 Agosti 1795 ikapitishwa sheria iliyoanzisha Conservatoire.

Tuitazame tarehe hiyo kwa makini. Mwezi Aprili, na tena mwezi Mei wa mwaka huohuo, wakazi wa Paris wenye njaa walilivamia Bunge wakidai mkate. Noti zilikuwa zimeporomoka thamani. Nchi ilikuwa vitani na Austria na Uingereza. Katika hali hiyo, wabunge walikaa wakaandika sheria ya chuo cha muziki chenye walimu 115 na wanafunzi 600 wa jinsia zote mbili, watakaochaguliwa kwa uwiano kutoka mikoa yote ya nchi, wafundishwe bila malipo. Sheria hiyohiyo iliagiza pawepo na maktaba ya muziki iliyo wazi kwa umma. Wale wanaotuambia kila bajeti inaposomwa kwamba sanaa isubiri mpaka tushibe, waisome sheria ile.

Lakini sikuichagua Conservatoire ili tuipigie Ufaransa makofi. Wasomaji wa pwani wanajua kwamba katika karne hiyohiyo wafanyabiashara wa Kifaransa walinunua watumwa Kilwa na kuwapeleka katika mashamba ya visiwa vya Mauritius na Réunion. Utumwa, uliofutwa na Mapinduzi mwaka 1794, ulirejeshwa na Napoleon mwaka 1802. Mwaka huohuo bajeti ya Conservatoire ilikatwa, walimu na wanafunzi wakapunguzwa. Ahadi inaweza kuandikwa kwa lugha tamu na kupigiwa kura, kisha ikapunguzwa kidogo kidogo na watu wenye mihuri. Hapo ndipo somo langu linapoanzia. Historia ya chuo hiki kwa miaka mia moja na hamsini iliyofuata ni historia ya watu waliosimama mlangoni, kila mmoja akiwa na kanuni mkononi.

Mgeni awakataa wageni

Mwaka 1822 ukurugenzi wa chuo ulikabidhiwa kwa Luigi Cherubini. Alikuwa mtunzi hodari aliyeheshimiwa na Beethoven mwenyewe, na alikuwa miongoni mwa wakaguzi wa chuo tangu siku zake za mwanzo. Alipenda utaratibu. Hector Berlioz amesimulia katika kumbukumbu zake kwamba Cherubini aliagiza wanaume waingie kwa mlango wa mtaa mmoja na wanawake kwa mlango wa mtaa mwingine. Berlioz, akiwa kijana asiyejua habari za amri hiyo, alipita mlango wa wanawake akaenda zake maktaba kusoma. Mkurugenzi alipopashwa habari alimjia akiwaka hasira, wakazungukana baina ya meza za maktaba. Kisa hicho kinachekesha, na Berlioz alikusudia kichekeshe. Tukumbuke lakini kwamba maktaba ile, kwa sheria ya 1795, ilikuwa ya umma.

Kisa cha pili hakichekeshi. Desemba 1823 Adam Liszt aliwasili Paris akiwa na mwanawe Franz, mwenye umri wa miaka 12. Walikuwa wametoka Hungaria, na baba alikuwa ameiacha kazi yake ili mtoto apate mafunzo stahiki. Mtoto alikuwa tayari amewashangaza watu wa Vienna kwa namna alivyopiga piano. Cherubini aliwapokea akawaeleza kwamba kanuni haziruhusu mgeni kuandikishwa.

Cherubini alizaliwa Florence. Alikuwa Mwitalia aliyehamia Ufaransa akiwa mtu mzima, akapokelewa, akapewa kazi, akapewa heshima, hatimaye akapewa ufunguo wa mlango. Wahenga walisema nyani haoni kundule. Nimewaona wengi wa aina hiyo katika ofisi zetu: mtoto wa kijijini aliyesomeshwa kwa kodi za wakulima, ambaye leo ndiye mwepesi kuliko wote wa kumrudisha mkulima dirishani kwa sababu fomu yake ina kosa la wino.

Kanuni ile haikumkwamisha Liszt peke yake. César Franck, mzaliwa wa Liège iliyo Ubelgiji ya leo, alilazimika kusubiri mpaka baba yake apate uraia wa Ufaransa ndipo alipoandikishwa mwaka 1837. Liszt alipata walimu wa faragha, akawa mpiga piano mashuhuri kuliko wote wa zama zake. Wapo wanaokitumia kisa chake kuthibitisha kwamba kipaji hakizuiliki. Mimi nakisoma vingine. Tunakijua kisa cha Liszt kwa sababu Liszt alishinda. Waliorudishwa wakashindwa kulipia mwalimu wa faragha hawakuacha jina kwenye daftari lolote, na hao ndio ambao sheria ya mafunzo ya bure iliandikwa kwa ajili yao.

Mshahara wa Louise Farrenc

Sheria ilitaja jinsia zote mbili, na kweli wanawake walikuwemo, lakini kwa masharti. Louise Farrenc alipokuwa kijana, madarasa ya utunzi yalikuwa ya wanaume tu. Ikambidi asome utunzi faragha kwa Anton Reicha, mwalimu wa chuo hichohicho. Mwaka 1842 aliteuliwa kuwa profesa wa piano, kazi aliyoifanya kwa muda wa miaka 30. Aliruhusiwa kufundisha wasichana tu, na alilipwa pungufu ya maprofesa wanaume waliofanya kazi kama yake.

Mwaka 1850 utunzi wake wa ala tisa ulipigwa hadharani, na miongoni mwa wapigaji alikuwa Joseph Joachim, kijana ambaye fidla yake ilikwisha kujulikana Ulaya. Utunzi ulipokelewa vizuri mno. Farrenc akaitumia nafasi hiyo kumdai mkurugenzi, Daniel Auber, mshahara ulio sawa na wa wenzake. Akapewa.

Wanaharakati wengi hukisimulia kisa hiki kama ushindi, nami naungana nao. Lakini naomba tusiisahau hesabu yake. Mwanaume alilipwa mshahara kamili kwa kuwa profesa. Mwanamke alilipwa mshahara kamili baada ya kuwa profesa kwa miaka minane, na kutunga kazi iliyoshangiliwa na Paris nzima, na kuwa na ujasiri wa kudai. Haki inayopatikana kwa njia hiyo imekwisha kugeuka tuzo, na tuzo hawapewi wote. Tuzo yenyewe ya Roma, iliyokuwa kilele cha matumaini ya kila mwanafunzi wa utunzi, haikuwaruhusu wanawake kushindana mpaka mwaka 1903. Mwanamke wa kwanza kutwaa tuzo yake kuu ya kwanza katika muziki alikuwa Lili Boulanger, mwaka 1913.

Jopo la mwaka 1905

Sasa nifike kwenye kisa kilichonifanya niikumbuke barua yangu ya mistari minne.

Tuzo ya Roma ilisimamiwa na Akademia ya Sanaa, lakini washindani wake walitoka kwa wingi katika Conservatoire, na walimu wa Conservatoire walikaa katika jopo la waamuzi. Maurice Ravel aliiwania mara kadhaa kuanzia mwaka 1900. Mwaka 1901 aliambulia nafasi ya tatu. Mwaka 1905 alikuwa na umri wa miaka 30, na huo ndio uliokuwa mwaka wake wa mwisho kuruhusiwa. Wakati huo alikwisha kutoa kazi zilizokuwa zikipigwa na kujadiliwa na wajuzi, ikiwamo kwarteti yake ya nyuzi. Jopo likamwondoa katika mchujo wa awali, kwa maana kwamba hakustahili hata kushindana.

Watu wakauliza: waliopita ni akina nani? Ikabainika kwamba waliofika fainali wote walikuwa wanafunzi wa mwalimu mmoja, Charles Lenepveu, naye Lenepveu alikuwa mjumbe wa jopo.

Waswahili tulilisema hili zamani, tena kwa mfano wa muziki: mwamba ngoma huvutia kwake. Mwenye kuiwamba ngozi huivuta kuelekea upande aliosimama yeye. Methali haisemi kwamba mwambaji ni mwizi. Inasema kwamba ndivyo mikono ilivyo, na ndiyo maana ngoma nzuri huwambwa na watu zaidi ya mmoja, kila mmoja akivuta kutoka upande wake.

Magazeti yalilivalia njuga jambo hilo. Mwandishi Romain Rolland, ambaye hakuwa rafiki wa Ravel, aliandika barua ya kupinga. Théodore Dubois, mkurugenzi wa Conservatoire, aliondoka madarakani mwaka huohuo, na nafasi yake ikachukuliwa na Gabriel Fauré. Fauré alikuwa mwalimu wa Ravel, lakini yeye mwenyewe hakusoma Conservatoire. Alisoma katika shule ya Niedermeyer. Aliingia na macho ya mtu wa nje.

Alichokifanya Fauré kilikuwa kidogo na kikubwa kwa wakati mmoja. Aliwaleta watahini wa nje, wasio na deni kwa mtu yeyote ndani ya chuo, washiriki katika kuamua nani aandikishwe, nani afaulu na nani apewe tuzo. Walimu waliokuwa wakiwafundisha watoto wa watu faragha kwa malipo, kisha wakiwapitisha kwenye usaili, waliona riziki yao imekatwa, na baadhi yao wakaacha kazi. Wakamwita Robespierre, kwa jina la mwanamapinduzi aliyewapeleka watu kwenye mashine ya kukata vichwa. Ona jinsi mambo yanavyogeuka: chuo kilichozaliwa na Mapinduzi kilikuwa kimefika mahali ambapo jina la mwanamapinduzi lilitumika kumtusi mtu aliyeirudisha ahadi ya Mapinduzi hayo.

Orodha

Laiti hadithi ingeishia hapo. Mwaka 1940 Ufaransa ilishindwa vitani na Ujerumani, na serikali ya Vichy ikatoa, Oktoba mwaka huo, sheria ya kuwatoa Wayahudi katika utumishi wa umma. Utawala wa Conservatoire, chini ya Henri Rabaud, uliandaa orodha. Waalimu wawili, mpiga piano Lazare-Lévy na mtunzi André Bloch, walipoteza kazi. Wanafunzi nao waliorodheshwa kwa asili zao. Mwaka 1942 wale waliokuwa Wayahudi walifungiwa mlango.

Wakati huo mkurugenzi alikuwa Claude Delvincourt, aliyeshika nafasi hiyo mwaka 1941, kwa hiyo siwezi kumfanya shujaa asiye na doa. Lakini mwaka 1943, vijana wa Ufaransa walipokuwa wakipelekwa kwa nguvu kufanya kazi katika viwanda vya Ujerumani, Delvincourt aliunda okestra ya wanafunzi wa chuo ili apate sababu rasmi ya kuwabakisha Paris. Karatasi zilikuwa zilezile, mihuri ilikuwa ileile, ofisi ilikuwa ileile. Mwaka 1940 kalamu ya ofisi hiyo ilitumika kuwaandika watu ili watolewe; mwaka 1943 ilitumika kuwaandika watu ili wasipelekwe.

Hili nawaambia hasa wale wenzangu mlio katika utumishi wa umma. Orodha haijiandiki. Yupo karani aliyepiga mstari, yupo aliyeuliza jina la babu wa mwanafunzi, yupo aliyeipeleka juu ikiwa safi, imepigwa chapa, haina kosa la tahajia. Yumkini kila mmoja wao alijiambia kwamba uamuzi si wake.

Sisi je?

Leo Conservatoire ipo katika majengo ya La Villette ilikohamia mwaka 1990, na ingali miongoni mwa vyuo vinavyoheshimiwa kuliko vyote duniani. Jina lake limesafiri. Nairobi ina Kenya Conservatoire of Music tangu mwaka 1944, enzi za ukoloni. Sisi Watanzania tulianzisha Chuo cha Sanaa Bagamoyo mwaka 1981, katika miaka ambayo maduka yetu yalikuwa matupu, na sina shaka kwamba wapo waliouliza wakati ule sanaa ya nini wakati sabuni hakuna. Kwa hiyo nia ya kuanzisha tunayo. Tatizo letu, kama lilivyokuwa la Paris, liko mlangoni.

Katika kila kisa nilichokisimulia, sheria ya msingi ilikuwa nzuri. Haikuwa sheria ya 1795 iliyomrudisha Liszt, wala iliyompunja Farrenc, wala iliyomwondoa Ravel. Ni kanuni ndogo zilizoongezwa baadaye, mazoea yaliyoachwa yakaota mizizi, na watu waungwana walionyamaza. Ndiyo maana siridhiki ninaposikia kwamba dawa ya kila ubovu wa taasisi zetu ni sheria mpya. Sheria mpya itakabidhiwa kwa mikono ileile.

Ninayoyapendekeza ni machache, na hayahitaji Bunge. Kwanza, kila kikao cha kuchagua watu, iwe kwa ajira, ufadhili au udahili, kianze kwa kila mjumbe kutamka uhusiano wake na waombaji, na matamko hayo yaandikwe kwenye kumbukumbu za kikao. Pili, mtahini wa nje awepo pale milango inapofunguliwa, yaani kwenye usaili, kwa kuwa vyuo vyetu vimemzoea kwenye mitihani ya mwisho tu, wakati waliokataliwa wamekwisha kurudi makwao. Tatu, anayekataliwa aelezwe sababu kwa maneno yanayoeleweka, yenye jina la aliyeamua. Neno "taratibu" lisikubaliwe kuwa jibu mpaka litajwe ni utaratibu upi.

Kwa wanafunzi wangu nasema hivi: Ravel hakuokolewa na jopo, kelele za watu ambao hawakuwa na maslahi yao pale ndizo zilizobadilisha utaratibu kwa ajili ya waliomfuata. Yeye mwenyewe hakuipata tuzo ile kamwe. Mnapomtetea mwenzenu aliyedhulumiwa, huenda yeye asifaidike. Mteteeni hivyo hivyo.

Binti yule wa barua yangu sijui alipo. Nimejaribu kumtafuta ili nimweleze alama zake zilikuwa ngapi, na sijampata. Wiki ijayo nimeitwa tena kwenye jopo la usaili, na mmoja wa waombaji ni mwanafunzi ninayemsimamia. Nimekwisha kumwandikia mwenyekiti kujitoa, nikiitaja sababu. Barua imetosha mistari minne.